Dhamana Haiuzwi: Somo la Maisha ya Edward Sokoine

Kila ufikapo mwezi Aprili, Taifa letu humkumbuka Ndugu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki dunia tarehe 12 Aprili 1984 akiwa Waziri Mkuu. Katika makumbusho hayo husemwa sana, na husemwa kwa haki, kwamba alikuwa kiongozi asiyekula rushwa wala kumwonea haya mla rushwa. Lakini maisha yake yana sehemu ya pili ambayo haisemwi mara nyingi, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi leo. Sehemu hiyo yahusu yale yanayotokea pale kiongozi safi anapotoa amri kali, na amri hiyo ikapita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mwananchi mlangoni kwake.

Tunaileta habari hii kwa sababu malalamiko juu ya baadhi ya askari wa polisi hayajakoma katika vitongoji vya jiji letu, tangu Kawe na Manzese hadi Tandika na Mbagala. Wananchi hulalamika kwamba kijana wa bodaboda husimamishwa kwa kosa lisilotajwa, kwamba mtu huwekwa mahabusu mpaka jamaa zake watoe kitu kidogo, na kwamba dhamana ambayo sheria inaitoa bure huwa na bei. Malalamiko si hukumu, na askari waadilifu wapo wengi. Hata hivyo lalamiko linalorudiwa na watu wasiojuana halifai kupuuzwa. Na tutazame neno lenyewe. Ahadi ya mwanachama, iliyotoka TANU ikarithiwa na Chama Cha Mapinduzi, inakitaja cheo kuwa ni dhamana. Sheria nayo inaita dhamana ile haki ya mtuhumiwa kusubiri kesi yake akiwa nyumbani. Askari anayeiuza dhamana ya pili amekwisha kuiuza ile ya kwanza.

Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai, akapata elimu yake Monduli na baadaye Umbwe. Alijiunga na TANU mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Baada ya masomo ya utawala huko Ujerumani ya Magharibi, alirudi kuwatumikia watu wa kwao katika utawala wa wilaya, na mwaka 1965 wakamchagua kuwa Mbunge. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine: Naibu Waziri mwaka 1967, Waziri wa Nchi mwaka 1970, na Waziri wa Ulinzi mwaka 1972. Alikua kisiasa katika miaka ya Azimio la Arusha na ya Mwongozo wa 1971, ule Mwongozo uliowakataza viongozi kuwa na kiburi na kuwaonea watu. Katika malezi hayo mali ya umma ilikuwa amana, na mwananchi hakuwa kitu cha kuswagwa.

Alishika Uwaziri Mkuu kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1977, na wakati huo una uzito wake. Mwezi mmoja tu nyuma, Serikali ilikuwa imetikiswa na mambo ya Mwanza na Shinyanga. Huko, mwaka 1976, watu walikamatwa katika msako uliokusudiwa kukomesha mauaji ya vikongwe na wengine waliodhaniwa kuwa wachawi. Kusudi lilikuwa jema, maana damu ya wasio na hatia ilikuwa ikimwagika. Lakini waliokamatwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mawaziri wawili, mmoja wao akiwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili, walijiuzulu ingawa wao wenyewe hawakumgusa mtu. Baadaye baadhi ya maofisa walishitakiwa na kupatikana na hatia. Nchi ilionyeshwa wazi kwamba dhuluma ya askari ni mzigo wa mkubwa wake pia, na kwamba wema wa kusudi hauhalalishi mateso.

Kipindi hicho cha kwanza kilimezwa na mambo makubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita tulishinda, lakini hazina ilibaki tupu. Mwaka 1980 Sokoine alipumzika kwa sababu za afya, akaenda masomoni Yugoslavia. Aliporudi na kukabidhiwa tena Uwaziri Mkuu mwezi Februari 1983, aliikuta nchi imekaukiwa. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na khanga vilikuwa havionekani madukani, huku vikipatikana kwa magendo kwa bei ya kuruka. Mfanyakazi alipanga foleni tangu alfajiri akarudi mikono mitupu, na mlanguzi akalala na shehena chini ya kitanda.

Mwishoni mwa mwezi Machi 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi. Maghala na nyumba vilipekuliwa nchi nzima, na wafanyabiashara pamoja na watumishi wa mashirika ya umma wakatiwa ndani. Wako waliotupa mali vichakani na baharini usiku ili zisikutwe kwao. Wananchi wengi walishangilia, na haifai leo kuwacheka, kwa kuwa walikuwa wameumizwa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu waliona mkono wa dola ukimfikia mtu mwenye fedha.

Lakini tuangalie sheria iliyofuata. Watu walikamatwa kwanza, na Sheria Maalum ya Kuhujumu Uchumi ikatungwa baadaye, kisha ikarudishwa nyuma ili iwakute waliokwisha kuwa ndani. Kesi zilitolewa katika mahakama za kawaida na kupelekwa kwenye baraza maalum. Mtuhumiwa alinyimwa dhamana, akanyimwa na wakili. Katika hali hiyo mlanguzi mkubwa na mwenye duka dogo aliyeficha katoni mbili za sabuni walisimama mahali pamoja, bila ya chombo cha kuwatenganisha isipokuwa busara ya aliyewakamata. Baadhi yao hatimaye waliachiwa kwa kukosekana ushahidi, lakini siku walizokaa ndani hazikurudi.

Mwaka huo huo ilikuja Sheria ya Nguvu Kazi. Nia yake ilikuwa kila mwenye nguvu afanye kazi halali, na jiji la Dar es Salaam lipunguziwe wazururaji kwa kuwapeleka mashambani. Ndani ya jiji hili ilimaanisha kwamba mtu aliyekutwa barabarani bila ya kitambulisho cha kazi aliweza kupakiwa katika karandinga. Wachuuzi wa samaki, mama lishe, mafundi viatu na vijana wa kubeba mizigo, ambao walikuwa wakijipatia riziki bila ya kumwibia mtu, wakajikuta wameitwa wazururaji. Wengi wa waliopelekwa vijijini walirudi. Na hapa ndipo penye somo: mgambo waliopewa kazi ya kukamata waligundua kwamba uwezo wa kukamata una thamani sokoni. Mchuuzi aliyetoa chochote aliachwa aendelee na biashara yake, na asiyekuwa na cha kutoa akapanda gari.

Sokoine hakupata hata senti moja katika fedha hizo. Habari zote za maisha yake zinamwonyesha kuwa mtu wa matumizi madogo, mwenye kuchukia anasa. Lakini unyofu wake haukuweza kusimama katika kila kichochoro cha Kinondoni na Temeke. Amri ilitoka kwake ikiwa safi, ikashuka ngazi baada ya ngazi, na ilipofika chini ikawa bidhaa. Tusimlaumu kwa wizi asioufanya. Tuseme tu lililo kweli, kwamba kila uwezo wa kumnyima mtu uhuru wake usiokuwa na mpaka, wala daftari, wala hakimu wa kuuhoji, huzaa rushwa hata kama ulianzishwa kwa ajili ya kuiua rushwa.

Jambo hili si geni kwa waliokaa madrasa. Wanazuoni wamesimulia kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab, katika doria zake za usiku mjini Madina, alisikia kelele za ulevi ndani ya nyumba, akapanda ukuta na kumkuta mwenye nyumba katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye ametenda kosa moja, Khalifa ametenda matatu: amepeleleza aliyoyakataza Mwenyezi Mungu yasipelelezwe, ameingia kwa ukutani badala ya mlangoni, na ameingia bila ya idhini wala salamu. Khalifa, ambaye hakuwa na mfano kwa ukali dhidi ya maovu, akakubali na kuondoka. Haikuwa kwamba maasi yamekuwa halali. Ilikuwa kwamba mwenye kusimamia sheria ndiye wa kwanza kufungwa nayo.

Kwa bahati njema, wananchi wa Tanzania walikuwa wakilifikiria jambo hilo hilo katika siku zile za msako. Mwaka 1983 Chama kilikuwa kimefungua mjadala wa kubadili Katiba, na miongoni mwa mambo yaliyodaiwa kwa nguvu ni kwamba haki za raia ziandikwe ndani ya Katiba yenyewe. Sokoine hakuiona tamati ya mjadala huo. Siku ile ya Aprili 1984, akirejea Dar es Salaam kutoka Bungeni Dodoma, gari lake liligongwa katika eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki akiwa na umri wa miaka 45. Alizikwa kwao Monduli, nchi nzima ikilia. Mwaka huo huo Bunge liliifuta ile Sheria Maalum na kuweka nyingine iliyozirudisha kesi hizo Mahakama Kuu, mtuhumiwa akarudishiwa wakili, na mlango wa dhamana ukafunguliwa, ingawa si kwa makosa yote. Katika mwaka huo pia Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba, na kuanzia mwaka 1988 mwananchi akaweza kuidai mahakamani.

Haki zilizoandikwa, hata hivyo, hazijilindi zenyewe. Tume ya Rushwa iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba mwaka 1996 iliwataja polisi na mahakama miongoni mwa mahali ambapo rushwa imeota mizizi. Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi walikamatwa na polisi hapa hapa Dar es Salaam, wakauawa katika msitu wa Pande, na umma ukaambiwa kwamba walikuwa majambazi. Tume ya Jaji Kipenka ilithibitisha kwamba hawakuwa majambazi. Kesi ilikwenda miaka kumi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi na kuwaachia wengine. Kisha mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza Jeshi la Polisi lisukwe upya liwe chombo cha kutoa huduma kwa raia. Ndiyo kusema kwamba yanayonong'onwa vijiweni Kawe yamekwisha kusemwa na majaji wetu kwa sauti kubwa.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuzitumie haki ambazo tayari tunazo. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake, na kwa kawaida polisi wanatakiwa kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 au kumpa dhamana. Dhamana hailipiwi askari. Anayepekuliwa nyumbani ana haki ya kuwa na shahidi, kama vile mjumbe wa mtaa, na kuandikiwa stakabadhi ya kila kilichochukuliwa. Viongozi wa Chama katika matawi na mashina wasione haya kwenda kituoni kumuulizia mwanamtaa wao. Hiyo si kuingilia kazi ya polisi. Ni kazi yao. Pili, mtoaji aache kutoa. Anayelipa ili atoke haraka leo amepandisha bei kwa jirani yake wa kesho. Tatu, Serikali imtazame askari mwenyewe, mshahara wake na nyumba anayolala, kisha imwajibishe bila ya huruma anapoikiuka amana.

Sokoine aliwapa watumishi wa umma mfano wa mtu asiyenunulika, na mfano huo haujachakaa. Lakini Taifa haliwezi kumsubiri Sokoine mwingine katika kila kituo cha polisi. Linahitaji utaratibu ambao hata askari mwenye tamaa atashindwa kuuvunja, kwa sababu daftari liko wazi, hakimu yuko karibu, na raia anajua kwamba dhamana haiuzwi.