Delamere: Mlowezi aliyetiwa hasara na kuvu Njoro

LORD Delamere hukumbukwa na Wakenya wengi kwa ukubwa wa ardhi aliyomiliki katika Bonde la Ufa. Hata hivyo, adui aliyemtoa jasho Njoro alikuwa mdogo mno kuonekana kwa macho: kuvu inayosababisha kutu ya ngano.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza mwaka 1870 na kurithi cheo cha babake akiwa na miaka 17. Akiwinda nchini Somalia, alijeruhiwa na simba na tangu hapo akawa anachechemea. Mwaka 1897 alifika nyanda za juu za Kenya, na baadaye serikali ya kikoloni ikamkodisha ekari 100,000 Njoro.

Walowezi walipewa nafasi kwa gharama ya wenyeji. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa hadi Laikipia, dhuluma ambayo vizazi vyao havijaisahau.

Ardhi hiyo haikumpa Delamere utajiri wa haraka. Kondoo wake wa kigeni walikufa kwa wingi kwa sababu malisho yalikosa madini. Akageukia ngano, ikanawiri, kisha ikaangamizwa na kutu.

Aliajiri wataalamu na kuanzisha maabara shambani mwake, ambako aina mbalimbali za ngano zilichanganywa ili kupata mbegu inayostahimili ugonjwa huo. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga ya Unga. Serikali nayo ilifungua kituo cha utafiti wa mbegu Njoro mwaka 1927, ambacho sasa kiko chini ya KALRO.

Delamere alifariki Novemba 1931 akiwa na madeni makubwa, akazikwa Soysambu. Baada ya uhuru, sanamu yake iliondolewa Nairobi na barabara iliyobeba jina lake ikaitwa Kenyatta.

Kutu ilibaki. Aina ya Ug99, iliyopatikana Uganda mwaka 1998, ilivuka hadi Kenya, na Njoro ikawa uwanja wa kujaribia ngano za mataifa mengi. Sampuli zake zimesafirishwa hadi Marekani ili kutambuliwa.

Siku hizi hadubini yenye kamera, ikiunganishwa na intaneti, humwezesha mwanafunzi au mtafiti aliye mbali kuichunguza sampuli na hata kukiongoza chombo chenyewe. Lakini lazima awepo mtu wa kuchuma jani lenye kutu shambani na kuliweka chini ya lenzi. Kazi hiyo ingali inafanywa Njoro, na wakulima wa ngano wanaitegemea kila msimu.