Maisha ya Nikola Tesla, Aliyeongoza Chombo kwa Mbali

Likizo iliyopita nilipata kuunganisha eropleni ndogo ya mfano, ya zile zinazouzwa zikiwa karibu tayari kuruka. Nilipofungua sanduku nilikuta kiwiliwili, mabawa mawili, mkia, magurudumu, mota ya umeme, rafadha, na kifuko cha skrubu. Kazi yangu ilikuwa kuunga mabawa, kubandika mkia kwa gundi, kufunga waya, na kupima uzito. Kazi ya jioni mbili tatu tu. Basi nikajiuliza: kama kazi yangu ni ya jioni mbili tatu, ni nani aliyefanya kazi yote iliyotangulia? Nilipotafuta niliona kwamba wako wengi, lakini mmoja ameacha alama yake mahali pawili ndani ya eropleni ile: katika mota, na katika redio inayoiongoza. Jina lake ni Nikola Tesla. Nataka kuwaeleza maisha yake, maana ndani yake mna mambo ya kuiga na mambo ya kujihadhari nayo.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho siku zile kilikuwa chini ya Dola ya Austria na sasa kimo katika nchi ya Kroatia. Watu wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa padri wa Kanisa la Orthodoksi, na alitaka mwanawe awe padri kama yeye. Mama yake hakujua kusoma, lakini alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Aliweza kusema kwa ghibu mashairi marefu ya kabila lake, na mikono yake haikutulia, kwani alijitengenezea vyombo vingi vya nyumbani. Tesla alipokuwa mtu mzima hakusita kukiri kwamba kipaji cha kuvumbua alikirithi kwa mama.

Tangu utoto alitamani kuruka. Yasimuliwa kwamba siku moja alipanda juu ya paa la ghala na mwavuli mkononi, akajitupa akitumaini kuelea hewani. Hakuelea, aliumia, akalala kitandani siku nyingi. Mara nyingine alichukua mbawakawa wanne, akawabandika juu ya vijiti vilivyopandana kama msalaba, nao walipopiga mabawa yao vijiti vikazunguka na kuzungusha gurudumu. Mtambo ule ulikwenda vizuri mpaka alipokuja mtoto mmoja jirani, mwana wa askari mstaafu, akawala wale mbawakawa wakiwa hai. Tesla alichukizwa mno, na tangu siku ile hakutaka tena kumgusa mdudu yeyote.

Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1873 aliugua kipindupindu, akalala karibu miezi tisa, na watu wa nyumbani wakakata tamaa. Katika hali ile alimwambia baba yake kwamba labda angepona kama angeruhusiwa kusomea uhandisi badala ya upadri. Mzee akamwahidi, na kijana akapona. Mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria.

Huko Graz ndiko lilikoanzia jambo lililomfanya ajulikane. Mwalimu alileta darasani mtambo wa umeme uliotumia brashi, yaani vipande vinavyosugua juu ya sehemu inayozunguka ili kuupitisha umeme. Brashi zile zilikuwa zikitoa cheche nyingi. Tesla akasimama akasema kwamba huenda mota ikafanywa bila brashi. Mwalimu alitumia kipindi kizima kuwaonyesha wanafunzi kwamba jambo hilo haliwezekani. Kijana aliona haya mbele ya wenzake, lakini hakuliacha wazo lake. Baadaye masomo yalimshinda kwa sababu ya kucheza kamari na kukosa fedha, akaondoka Graz bila shahada. Hata hivyo, wazo lile aliondoka nalo.

Mwaka 1882, alipokuwa akifanya kazi ya simu katika mji wa Budapest, alikuwa akitembea bustanini na rafiki yake jua likizama. Ghafula jibu likamjia. Akachukua fimbo akauchora mtambo wake mchangani. Wazo lenyewe ni hili: ukipitisha mikondo ya umeme inayopokezana katika sumaku zilizopangwa duara, nguvu ya sumaku yenyewe huzunguka, nayo huuburuta mhimili bila ya kitu chochote kusuguana.

Wasomaji, tazameni sasa mota ya eropleni ya mfano. Ina waya tatu na haina brashi. Kifaa kidogo kinachokaa kati ya betri na mota hugeuza umeme wa betri uwe mikondo mitatu inayofuatana, na nguvu ya sumaku huzunguka kama Tesla alivyoichora mchangani. Ukiona rafadha inazunguka kinyume, badilisha waya zozote mbili kati ya zile tatu, nayo itazunguka sawasawa.

Mwaka 1884 Tesla alivuka bahari kwenda Marekani. Inasemekana alifika New York akiwa na senti nne mfukoni. Alifanya kazi kwa Thomas Edison, lakini hawakukaa pamoja muda mrefu, kwa kuwa Edison aliamini umeme wa mkondo mmoja na Tesla aliamini umeme wa kupokezana. Akaanzisha kampuni yake. Wenye mali wakaichukua kazi yake na kumwacha mikono mitupu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1886 kuamkia 1887, mtu huyu mwenye elimu yote ile alikuwa akichimba mitaro barabarani kwa dola mbili kwa siku. Hakuona aibu kushika sururu. Aliendelea kueleza wazo lake kwa kila aliyekubali kumsikiliza.

Hatimaye alisikilizwa. Mwaka 1888 tajiri George Westinghouse alinunua haki za uvumbuzi wake. Mwaka 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yaling'aa kwa umeme wa kupokezana, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukaufikia mji wa Buffalo. Hata hapa Rwanda, kituo cha Ntaruka, kilichoanza mwaka 1959 kwa nguvu ya maji yanayoteremka toka ziwa Burera kwenda ziwa Ruhondo, ni tawi la mti uleule. Lakini Tesla hakuwa mtu wa hesabu. Kampuni ya Westinghouse ilipobanwa na madeni, aliachilia malipo aliyostahili kupata kwa kila mtambo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tarehe 13 Machi, 1895, nyumba yake ya majaribio mjini New York iliteketea kwa moto pamoja na vyombo na maandishi ya miaka mingi, wala hakuwa na bima. Wengi wangekata tamaa. Yeye alianza upya, na miaka mitatu baadaye akatoa kitu ambacho sisi wapenzi wa eropleni za mfano hatuna budi kukikumbuka.

Mwaka 1898, katika jumba la Madison Square Garden, lilitengenezwa bwawa la maji, na juu yake kikaelea kijimashua cha chuma. Ndani yake mlikuwa na betri, mota ya kuzungusha rafadha, mota nyingine ya kugeuza usukani, na taa ndogo. Hakikuwa na mtu ndani wala waya uliokifunga na nchi kavu. Tesla alisimama kando na kisanduku chake, na mashua ikaenda, ikakata kushoto, ikakata kulia, ikawasha taa zake. Watazamaji walistaajabu. Wengine walidhani ni uchawi, na wengine walidhani amemficha nyani aliyefundishwa ndani ya chombo.

Siri yake ilikuwa ndogo lakini ya akili nyingi. Ndani ya mashua mlikuwa na kibomba kilichojaa chembechembe za madini. Mawimbi ya redio yalipofika, chembe zile zilishikamana na kuupisha umeme; umeme ule ulisogeza gurudumu lenye meno hatua moja, na kila hatua ilikuwa na amri yake: kushoto, simama, kulia, na kadhalika. Kisha kibomba kilijipindua ili chembe ziachane, kingoje wimbi jingine. Tarehe 8 Novemba mwaka uleule serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi nambari 613,809, inayohusu kuongoza kwa mbali chombo chochote kinachokwenda, si mashua peke yake.

Aliwapelekea watu wa jeshi la majini, lakini hawakuitaka. Kilikuwa kitu kilichokamilika, ila ulimwengu ulikuwa haujakamilika kukipokea.

Na hapa ndipo panapoanza sehemu ya huzuni. Badala ya kukaa na mashua yake, kuipunguzia bei na kuifanya imara mpaka ipate mnunuzi, Tesla alikimbilia jambo kubwa zaidi. Mwaka 1899 alikwenda Colorado Springs kufanya majaribio ya radi za kujitengenezea. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mkubwa huko Long Island, karibu na New York, kwa fedha za tajiri J. P. Morgan, ili apeleke habari, na hata nguvu ya umeme, dunia nzima bila waya. Mwezi Desemba mwaka uleule Marconi alipata ishara ya redio toka ng'ambo ya Atlantiki kwa vyombo rahisi zaidi. Morgan akakataa kuongeza fedha. Mnara haukumalizika, na mwaka 1917 ulivunjwa.

Tokea hapo Tesla alihama hoteli hadi hoteli, akiacha madeni nyuma yake. Uzeeni faraja yake ilikuwa njiwa, aliowalisha katika bustani za New York. Lakini ndoto ya utoto haikumtoka. Mwezi Januari 1928, akiwa na miaka 71, alipewa hati yake ya mwisho ya uvumbuzi, na ilikuwa ya chombo cha kuruka: kingepanda wima toka ardhini, kisha kingejilaza na kwenda mbele kama eropleni. Hakupata fedha za kukijenga.

Mwaka 1937, yeye akingali hai, ndugu wawili wa Kimarekani, Walter na William Good, walirusha eropleni ya mfano iliyoongozwa kwa redio. Yaliyofanyika majini mwaka 1898 sasa yakafanyika angani. Tesla alifariki peke yake katika chumba cha hoteli mjini New York tarehe 7 Januari, 1943, akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 1960 wataalamu wa dunia walikipa kipimo cha nguvu ya sumaku jina la tesla, nalo litadumu.

Sisi wa Kinyinya tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Ninyi wanafunzi wa zamani mnaijua milingoti ya Deutsche Welle iliyosimama kilimani hapa toka mwaka 1965 hata Machi 2015, ikirusha matangazo ya redio, ya Kiswahili yakiwamo, kwenda nchi za mbali. Na tangu Oktoba 2016 vyombo vya Zipline visivyo na rubani huruka toka Muhanga kupeleka damu katika hospitali. Chombo kile hurushwa kwa mtambo mfano wa manati, hudondosha mzigo kwa mwavuli mdogo wa karatasi, na kurudi kwake, na watu huketi kituoni wakikitazama kwa mbali. Mgonjwa anayepata damu ile huenda hajapata kulisikia jina la Tesla.

Sasa nirudi kwenye eropleni yangu. Nilipoimaliza niliipeleka uwanjani kwa haraka, baada ya kupata ruhusa, kwani uwanja wa ndege wa Kanombe hauko mbali na sheria ya anga ni lazima ifuatwe. Ilikaa hewani kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, ikajipindua, ikaanguka. Kosa halikuwa la kiwanda, wala la redio. Nilikuwa nimefunga vipande vya mabawa kinyume. Nilipoamuru kulia, ilikwenda kushoto. Dakika moja ya kujaribu nikiwa bado chini ingeniokoa.

Basi kwa wenzangu watakaojaribu, hesabuni hivi kabla ya kuruka. Wekeni vidole chini ya bawa mahali palipotiwa alama, mwone kama pua inainama kidogo tu. Jaribuni kila amri mkisimama nyuma ya eropleni. Rudini nyuma hatua nyingi mwone kama redio bado inasikiwa. Kabilieni upepo. Na kumbukeni kwamba Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na eropleni hutaka mwendo mkali zaidi kabla ya kuinuka.

Tesla hakukosa akili wala ujasiri. Alishika sururu bila aibu, akaanza upya baada ya moto, akashindana na mwalimu wake na kushinda. Alichokosa ni subira ya kukaa na kazi moja mpaka kipande chake cha mwisho. Kazi aliyoiacha imemalizwa na wengine, na nyingine imetufikia sisi ndani ya sanduku, karibu tayari. Neno hilo karibu ndilo sehemu yetu. Tusiifanye kwa haraka.