Gunpei Yokoi: Fundi wa karata aliyeitia dunia nzima gemu mfukoni

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Oktoba 2025, kampuni za Microsoft na Asus ziliingiza sokoni kifaa cha kuchezea gemu cha mkononi ambacho toleo lake la juu liliuzwa Marekani kwa dola 1,000 kasoro senti chache. Miezi minne kabla ya hapo, Nintendo ya Japani ilikuwa imeanza kuuza Switch 2 kwa dola 450. Kwa fedha hizo mnunuzi anapata kioo cheupe kama mchana na chipu yenye nguvu ambayo zamani ingehitaji kompyuta nzima ya mezani. Anapata pia betri ambayo, gemu ikiwa nzito, huweza kuisha ndani ya saa mbili tu.

Mvutano wa vipuri vya kutumia katika vifaa hivi, yaani vipya kabisa na ghali au vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, si wa leo. Aliyeutolea uamuzi mzito kuliko wote ni Mjapani Gunpei Yokoi, aliyefariki dunia mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 56. Uamuzi wake ulimpa mwajiri wake utajiri usio kifani. Miaka michache baadaye, uamuzi wa aina ile ile ukamletea fedheha.

Yokoi alizaliwa Septemba 10, 1941 katika mji wa Kyoto, akasomea masuala ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha mjini humo. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa, na kampuni kubwa za umeme hazikumchukua. Mwaka 1965 akapata kazi karibu na nyumbani, katika kampuni ya Nintendo, ambayo tangu mwaka 1889 ilikuwa ikitengeneza karata za Kijapani zenye michoro ya maua. Kazi yake ilikuwa kuzihudumia mashine za kiwandani zisisimame.

Mashine hazikuharibika mara kwa mara, na kijana huyo alikuwa na nafasi nyingi. Katika muda huo alijitengenezea mkono wa bandia wa kujikunja na kujinyoosha, wa kuokotea vitu vilivyo mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, mtu aliyeogopwa na wafanyakazi wake, alimwona akiuchezea. Yokoi alipoitwa ofisini alidhani anakwenda kukaripiwa. Badala yake aliagizwa auboreshe uuzwe kama mchezo wa watoto. Mwaka 1966 ukatoka madukani kwa jina la Ultra Hand na kuuzwa zaidi ya vipande milioni moja. Fundi wa mashine akawa mbunifu wa michezo, na hakurudi tena kwenye mafuta na spana.

Mwaka 1969 alitoa kifaa cha kupimia mapenzi. Mvulana na msichana walishika kila mmoja kishikio chake, wakashikana mikono, na mshale ukaonyesha kiwango cha penzi lao. Ndani hapakuwa na maajabu. Kilikuwa kipimo cha umeme ambacho mwanafunzi yeyote wa sekondari angekielewa. Lakini katika Japani ya wakati ule, kupata sababu ya kumshika msichana mkono lilikuwa jambo kubwa, na Yokoi alilijua hilo. Hapo tayari ulikuwa umeonekana mtindo wake: kuchukua kitu cha kawaida na kukipa kazi ambayo hakuna aliyeifikiria.

Baadaye mtindo huo aliupa maelezo. Alifundisha kwamba mbunifu asikimbilie teknolojia iliyotoka jana, kwa kuwa ni ghali na tabia zake hazijajulikana. Achukue ile iliyokwisha kunyauka, ambayo viwanda vinaizalisha kwa wingi na kasoro zake zinafahamika, kisha aitafutie matumizi mapya kutoka upande usiotarajiwa.

Mfano ulio bora ni ule wa kikokotoo. Katika miaka ya 1970, kampuni za Sharp na Casio zilishindana kutengeneza vikokotoo vidogo, na ushindani huo ukashusha bei ya vioo na chipu zake. Siku moja Yokoi, akiwa safarini katika treni ya kasi, alimwona mfanyakazi wa ofisini akipoteza muda kwa kubonyeza vitufe vya kikokotoo chake bila hesabu yoyote. Akawaza juu ya mchezo mdogo ambao mtu mzima angeweza kuushika mapajani bila kuona haya mbele ya abiria wengine.

Wazo hilo lingeweza kufia hapo. Lakini dereva wa Yamauchi aliugua, na Yokoi, aliyekuwa amezoea kuendesha gari la kigeni lenye usukani wa kushoto kama la rais huyo, akaombwa kumwendesha. Njiani alimweleza wazo lake ili tu kuvunja ukimya. Yamauchi hakuonyesha kuguswa. Siku chache baadaye viongozi wa Sharp walifika Nintendo kwa mazungumzo.

Aprili 1980 zikatoka gemu za kwanza za Game & Watch, kila moja ikiwa na mchezo mmoja na saa ya kuangalia muda. Hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 1991, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 43. Mwaka 1982, alipotaka kuuingiza mchezo wa Donkey Kong katika kifaa cha kukunjwa chenye vioo viwili, Yokoi aligundua kwamba usukani wa fimbo ungejitokeza na kukizuia kisifunge wala kuingia mfukoni. Akabuni kitufe bapa chenye umbo la msalaba. Kitufe hicho, kwa sura moja au nyingine, kimo hadi leo katika vidhibiti vingi vya gemu duniani.

Mtihani mkubwa ulikuja na Game Boy. Kikosi cha Yokoi kilianza kukiandaa katikati ya miaka ya 1980. Haki inataka jina la msaidizi wake, Satoru Okada, litajwe, kwa kuwa ndiye aliyesisitiza kiwe mashine halisi yenye kaseti za kubadilisha, wakati Yokoi mwanzoni alikiwazia kama mdogo wake Game & Watch. Walipokubaliana, Yokoi alishikilia masharti yake: kiwe cha bei nafuu, kiwe kigumu, na betri idumu. Kwa hiyo kioo hakikuwa na rangi. Kilikuwa na viwango vinne tu vya giza juu ya kijani kilichofifia, na hakikuwa na taa ya ndani.

Wapo waliomwona amerudi nyuma. Yokoi aliamini kwamba ukichora kwa chaki duara mbili juu ya ubao na kusema ni sanamu ya theluji, kila mtu ataiona nyeupe. Mchezo ukiwa mzuri, akili ya mchezaji hujaza rangi yenyewe. Hata hivyo, hakuwa na usingizi wa raha. Kioo cha kwanza kilichochaguliwa hakikuonekana vizuri pale kilipotazamwa kwa pembe, Yamauchi akafoka, na kikosi kikalazimika kutafuta aina nyingine ya kioo wakati kazi ilikuwa imekwisha kwenda mbali.

Game Boy iliingia sokoni Japani Aprili 21, 1989 na Marekani miezi mitatu baadaye kwa bei ya takriban dola 90. Mwaka huo huo Atari ikatoa Lynx, yenye rangi na taa ya ndani, kwa dola 180. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear, nayo ya rangi. Kwa aliyevipanga vifaa hivyo vitatu juu ya meza ya duka, cha Yokoi ndicho kilichokuwa duni.

Lakini wachezaji hawakuchezea juu ya meza ya duka. Lynx na Game Gear zilihitaji betri sita kila moja, za ukubwa wa zile za saa ya ukutani, na zilizimaliza kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilitumia betri nne na kudumu zaidi ya saa 10. Kwa mtoto anayetegemea fedha za mzazi, tofauti hiyo ilikuwa kati ya kuwa na mchezo na kuwa na boksi la plastiki. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetembea na chaja ya simu ndani ya mkoba hahitaji kuelezwa zaidi.

Bahati nayo ilichangia. Mwanzoni mwa 1989 mfanyabiashara Henk Rogers alifunga safari hadi Moscow kutafuta haki za kuuza katika vifaa vya mkononi mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov. Mchezo huo wa vipande vinavyodondoka haukuhitaji rangi, na Marekani uliuzwa pamoja na kifaa. Wazazi wakaanza kuwanyang'anya watoto. Kufikia mwisho wa maisha yake, Game Boy pamoja na ndugu yake wa rangi iliyotoka mwaka 1998 ilikuwa imeuzwa karibu milioni 119.

Ikiwa habari ya Yokoi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi kusema kwamba vipuri vya bei nafuu hushinda daima. Mwaka 1995 ulionyesha vinginevyo.

Julai mwaka huo Nintendo ilitoa Virtual Boy, kifaa cha Yokoi cha kumwonyesha mchezaji picha zenye kina. Mtindo ulikuwa ule ule. Alichukua taa ndogo nyekundu kwa sababu zilikuwa rahisi na hazikula umeme mwingi, wakati taa za buluu zilikuwa ghali. Matokeo yakawa dunia nzima ya wekundu juu ya weusi. Ndoto yake ilikuwa kifaa cha kuvaliwa usoni, lakini kwa kuhofia usalama wa watumiaji kikaishia kusimamishwa mezani juu ya miguu miwili, mchezaji akiinama na kuuzamisha uso ndani. Walilalamika kuumwa macho na shingo. Kwa bei ya dola 180, kiliuzwa takriban 770,000 tu, michezo yake 22 ikabaki bila wenzake, na mwaka 1996 kikaondolewa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo lilipo fundisho ambalo mara nyingi hupotoshwa. Virtual Boy haikuanguka kwa uduni wa vipuri vyake, maana Game Boy nayo ilikuwa duni. Ilianguka kwa sababu Yokoi, aliyeanza na abiria mmoja aliyechoka ndani ya treni, safari hii alianza na taa. Kifaa hakikuingia mfukoni, hakikushikwa mapajani, na aliyeketi karibu hakuona chochote cha kumfanya aombe zamu.

Agosti 15, 1996 Yokoi aliondoka Nintendo baada ya miaka 31. Wengi walisema ametolewa kafara. Mwenyewe alieleza kwamba kujitegemea ulikuwa mpango wake wa siku nyingi. Wiki chache kabla, mikono yake ilikuwa imemaliza Game Boy Pocket, ndogo, nyepesi na yenye kioo safi zaidi. Mchezo wa Pokémon, uliotoka Februari mwaka huo na kujengwa juu ya waya wa kuunganisha Game Boy mbili, ulikuwa ukikifufua kifaa ambacho wengi walishakiandikia tanzia.

Alifungua karakana yake mjini Kyoto, akaiita Koto, na kuanza kusaidiana na kampuni ya Bandai. Oktoba 4, 1997, gari alimokuwa abiria liligonga lori katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa. Akashuka kuangalia uharibifu, na gari jingine likamgonga. Kifaa alichokuwa akikiandaa, WonderSwan, kilitoka Machi 1999 kwa yeni 4,800, kikitumia betri moja tu kwa zaidi ya saa 30. Hakikuiangusha Nintendo. Mmoja wa michezo yake ya kwanza ulipewa jina la Gunpey.

Wanafunzi wake wameendelea. Switch ya mwaka 2017 ilijengwa juu ya chipu iliyotangazwa miaka miwili kabla, ikauzwa zaidi ya milioni 150. Kampuni ndogo ya Kimarekani, Panic, mwaka 2022 ilianza kusambaza Playdate, yenye kioo cha nyeusi na nyeupe kisicho na taa, na kishikio cha kuzungusha kama cha cherehani. Upande wa pili wako wale wa Steam Deck na wenzake, wanaotaka gemu zote za kompyuta ziingie mkononi hata kama betri italia.

Kinachotia shaka sasa ni msingi wenyewe wa hesabu za Yokoi. Yeye alitegemea kwamba vipuri vikizeeka bei hushuka, kama ilivyokuwa kwa vikokotoo. Agosti 2025 Nintendo, ikitaja hali ya soko, ilipandisha nchini Marekani bei ya Switch ya kwanza kutoka dola 300 hadi 340. Kifaa hicho kilikuwa na umri wa miaka minane.