Askofu aliyebanwa na swali la mtafsiri wake



Nikiwa darasa la kipaimara niliuliza wanyama wote wale walienea vipi kwenye safina. Mwalimu akanitoa nje, eti nina pepo wa ubishi. Miaka mingi nikaamini kwamba mwenye mashaka hana imani. Halafu nikakutana na habari za John William Colenso.

Jamaa alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka 1814. Kichwa cha hesabu, na vitabu vyake vya hesabu vilitumika mashuleni huko kwao. Mwaka 1853 akafanywa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal, Afrika Kusini. Akajifunza Kizulu, akaandika sarufi na kamusi, akaanza kutafsiri Biblia akisaidiwa na Mzulu mmoja, William Ngidi.

Walipofika kwenye Gharika, Ngidi akamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini mambo yale yalitokea kweli. Swali langu lile lile! Colenso angeweza kumfokea yakaisha. Lakini alikuwa amesoma habari za miamba na umri wa dunia, na moyoni alijua hana jibu. Akaona hawezi kumdanganya mtu kwa jina la Mungu.

Basi akakaa chini na hesabu zake. Wanaume 600,000 waliotoka Misri, weka na wanawake, watoto na mifugo, jangwani walikaaje? Mwaka 1862 akatoa kitabu akisema vitabu vya Musa si historia ya kushika neno kwa neno. Weee, moto ukawaka! Mwaka 1863 askofu wa Cape Town, Robert Gray, aliyekuwa juu yake, akamhukumu kuwa mzushi na kumvua uaskofu. Mwaka 1865 rufaa ikaamuliwa London kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Colenso akaendelea kuhubiri na kusali. Hakumwacha Mungu, aliacha kujifanya tu.

Sasa sikieni hii. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimwandama chifu Langalibalele wa Wahlubi kwa ajili ya bunduki za vijana wake. Mwaka uliofuata akahukumiwa na kupelekwa kisiwa cha Robben. Colenso akaukagua ushahidi kama alivyoikagua Gharika, akaona hapa hakuna haki. Akapanda meli mpaka Uingereza kumtetea. Urafiki wake wa miaka na Theophilus Shepstone, kigogo wa serikali, ukafa hapo. Mwaka 1879 Waingereza walipowavamia Wazulu, akapinga hadharani huku walowezi wakimchukia.

Alifariki mwaka 1883. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu.

Kwa mtazamo wangu, jicho lililoihoji safina ndilo lililoihoji serikali. Wangapi waliokuwa na uhakika wa kila aya walinyamaza wakati chifu anaonewa? Mashaka yalimgharimu Colenso marafiki na heshima, ila yalimfundisha kutomwogopa mtu yeyote anayedai ukweli wote ni wake.

Mie bado naenda kanisani. Swali la safina bado ninalo, naingia nalo, nakaa nalo kwenye benchi. Sidhani kama Mungu analiogopa.

Kanisani kwenu ukiuliza unajibiwa au unatolewa nje? Mwageni maoni yenu hapo chini, matusi hapana. Nawasilisha.