Aneurin Bevan: Waziri aliyejiuzulu kwa sababu ya miwani na meno ya bandia

ANEURIN Bevan anakumbukwa nchini Uingereza kwa mambo mawili. La kwanza ni kuanzisha matibabu ya bure kwa wananchi wote mwaka 1948. La pili ni kuachia uwaziri mwaka 1951, akipinga bajeti ya Serikali yake mwenyewe iliyotaka wagonjwa wachangie gharama za miwani na meno ya bandia wakati ambapo mabilioni yalikuwa yakielekezwa kwenye silaha.

Alizaliwa Novemba 15, 1897 katika mji wa Tredegar, kusini mwa Wales, eneo lililoishi kwa kutegemea makaa ya mawe. Baba yake, David, alikuwa mchimbaji, na mama yake, Phoebe, alikuwa mshonaji. Aneurin, mmoja wa watoto kumi, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13 na kuingia mgodini. Alikuwa na kigugumizi, akapambana nacho kwa kusoma vitabu vya maktaba ya wafanyakazi na kujilazimisha kuzungumza katika mikutano.

Mwaka 1919 chama cha wachimbaji kilimpeleka London kusoma katika chuo cha Central Labour College, kilichoendeshwa na vyama vya wafanyakazi. Aliporudi mwaka 1921 hakupata kazi. Mwaka 1925 baba yake alifariki dunia kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi la makaa, na familia haikulipwa fidia kwa kuwa sheria ya wakati huo haikuutambua ugonjwa huo.

Hata hivyo, Tredegar ilikuwa na jambo ambalo miji mingi haikuwa nalo. Wafanyakazi walikatwa kiasi kidogo cha mshahara kila wiki na kukiweka katika mfuko wa matibabu. Mfuko huo uliajiri madaktari na kuhudumia karibu mji mzima. Bevan alishiriki katika uongozi wa hospitali ya mji huo, na hapo ndipo alipojionea kwamba gharama inayomlemea mtu mmoja hubebeka ikigawanywa kwa wengi.

Mwaka 1929 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Ebbw Vale kwa tiketi ya Chama cha Labour. Katika miaka ya 1930, uchumi ulipodorora, Serikali ilibana matumizi kwa kupima kipato cha familia nzima kabla ya kumlipa posho asiye na kazi. Mtoto akipata kibarua, posho ya baba ilipunguzwa. Bevan aliupinga utaratibu huo bungeni kwa ukali, akiona kwamba Serikali ilikuwa ikijaza pengo la hazina kwa kuchukua kutoka kwa wasio na kitu.

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika barani Ulaya, Labour ilishinda uchaguzi wa Julai 1945 na Waziri Mkuu Clement Attlee akamteua kuwa Waziri wa Afya. Nchi ilikuwa imeelemewa na madeni na chakula kiligawiwa kwa mgawo. Pamoja na hayo, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Afya ilipitishwa mwaka 1946, na huduma yenyewe ikaanza Julai 5, 1948. Hospitali zaidi ya 2,600 za England na Wales ziliwekwa chini ya Serikali, na gharama zikatoka kwa sehemu kubwa katika kodi.

Chama cha madaktari kilipinga vikali. Ili kuwavuta madaktari bingwa, Bevan aliwaruhusu kuendelea kutibu wagonjwa wa kulipia ndani ya hospitali za umma, hatua iliyowaudhi baadhi ya wanachama wenzake.

Wananchi waliojitokeza walizidi makadirio. Katika mwaka wa kwanza pekee zilitolewa jozi zipatazo milioni tano za miwani. Hazina ilishtuka, ingawa idadi hiyo ilionyesha jinsi watu walivyokuwa wameishi miaka mingi bila huduma.

Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, Serikali iliandaa mpango wa kijeshi wa pauni bilioni 4.7 kwa miaka mitatu. Katika bajeti ya Aprili 1951, Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, alipendekeza wagonjwa walipe nusu ya gharama za miwani na meno ya bandia. Makusanyo ya mwaka huo yalikadiriwa kuwa pauni milioni 13 hivi.

Bevan, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Kazi, alijiuzulu pamoja na Harold Wilson na John Freeman. Wapinzani wake walikumbusha kwamba mwaka 1949 yeye mwenyewe alikubali sheria iliyoruhusu malipo ya dawa, ingawa hayakutekelezwa. Yeye alishikilia kwamba mlango ukishafunguliwa kwa kiasi kidogo, malipo mengine yatafuata, na kwamba viwanda visingeweza kutengeneza silaha zote hizo kwa muda uliopangwa.

Labour iligawanyika na ikashindwa uchaguzi wa Oktoba 1951. Mwaka 1952 Serikali ya Conservative ilianza kutoza malipo ya dawa. Kuhusu silaha, Winston Churchill alikiri bungeni Desemba 1951 kwamba mpango ule usingekamilika kwa wakati.

Aidha, kamati iliyoongozwa na mchumi Claude Guillebaud, iliyoundwa kuchunguza gharama za huduma hiyo, ilitoa ripoti mwaka 1956. Ilibaini kwamba sehemu ya pato la taifa iliyotumika kwa huduma hiyo ilikuwa imepungua tangu mwaka 1949, wala haikuona ushahidi wa ubadhirifu mkubwa.

Bevan alifariki dunia Julai 6, 1960 kwa saratani ya tumbo, akiwa Naibu Kiongozi wa Labour. Wales, nchi aliyozaliwa, ilifuta malipo ya dawa mwaka 2007. England bado inayatoza.