Rais Aliyeng'olewa Meno Baharini

Mwaka jana nilimsindikiza bibi yangu kwenda kung'olewa jino. Njiani alinionya nisitaje ugonjwa wake wa sukari, asije akarudishwa nyumbani na maumivu yake. Daktari alipomwuliza, alijibu kuwa ni mzima. Nami nikanyamaza. Jino lilitoka, lakini kidonda kilikaa majuma mengi bila kupona, nami nikajilaumu sana. Baadaye nikasoma maisha ya Grover Cleveland, Rais wa Marekani, nikaona heri niwasimulie.

Cleveland alizaliwa tarehe 18 Machi 1837, huko Caldwell, jimbo la New Jersey. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alifariki mwaka 1853, na kijana akalazimika kufanya kazi badala ya kwenda chuoni. Hata hivyo alijifunza sheria mjini Buffalo, akawa mwanasheria, kisha meya, kisha gavana wa New York. Mwaka 1885 akawa Rais. Alishindwa katika uchaguzi wa 1888, akashinda tena ule wa 1892.

Mwaka 1893 mabenki yalikuwa yakianguka, na wakati huo huo Rais akaonekana ana saratani kinywani, upande wa kushoto juu. Alihofu kuwa habari hiyo ikienea, biashara ingezidi kuharibika. Basi akapanda kwa siri merikebu iitwayo Oneida, na tarehe 1 Julai akapasuliwa humo.

Umri wake ulikuwa miaka 56, mnene mno, na amechoka kwa kazi. Madaktari waliogopa dawa ya usingizi kuliko kisu. Kwa hiyo walimpima kwanza moyo, mapafu na mafigo. Daktari wa meno, Ferdinand Hasbrouck, akamvutisha gesi na kumng'oa meno mawili. Etha, iliyo kali zaidi, ikafuata baadaye. Daktari mmoja aliangalia mapigo ya moyo. Dakta Joseph Bryant akakata sehemu ya taya kwa kupitia kinywani, hata uso haukubaki na kovu. Daktari mwingine wa meno, Kasson Gibson, akatengeneza kipande cha mpira cha kuziba pengo, na sauti ya Rais ikarudi.

Cleveland alimaliza kazi yake mwaka 1897, akafariki tarehe 24 Juni 1908. Habari kamili ya siri ile ilitolewa na mmoja wa madaktari mwaka 1917.

Rais yule aliificha nchi nzima, lakini madaktari wake hakuwaficha. Bibi alifanya kinyume: majirani wote walijua sukari yake, ila daktari peke yake.

Muhula huu jino jingine lilimwuma. Safari hii alisema yote. Daktari alipima sukari, akaiona imepanda, akaahirisha kazi mpaka ishuke. Kisha akamwita asubuhi, akiwa amekwisha kula na kumeza dawa zake. Kidonda kimepona vizuri. Basi, ndugu zangu, mkiwasindikiza wazee, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.