John Snow, munganga aliyefuata kolera mpaka mu maji ya kunywa

Mu miji yetu ya mashariki, Goma, Bukavu, Uvira au Kalemie, watu wengi wanapima maji kwa macho. Yakitoka ku robine yakiwa meupe, yanajazwa mu bidoni na jioni jamaa yote inakunywa. Munganga mmoja wa Uingereza, John Snow, alitumia karibu miaka kumi ya mwisho ya maisha yake kuonyesha kwamba macho hayatoshi. Alikufa wakubwa wengi wa kazi yake wakiwa bado wanamubisha.

Snow alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1813 mu muji wa York, kaskazini ya Uingereza, mu kartye ya watu wa hali ya chini karibu na mto. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa mikono. Akiwa na miaka 14, alitumwa Newcastle kujifunza kazi kwa munganga mmoja wa huko.

Mwaka 1831 kolera iliingia Uingereza. Kijana huyo alikuwa na miaka 18 tu, lakini alitumwa kutunza wagonjwa huko Killingworth, kwenye mashimo ya makaa ya mawe. Aliona namna wachimbaji walivyoishi: walishinda chini ya udongo bila choo, na chakula walikula pale pale kwa mikono isiyonawishwa. Hayo hakuyasahau.

Mwaka 1836 alifika London. Alisoma, akapata ruhusa ya kutibu, na mwaka 1844 akapata udaktari wa universite. Jina lake lilijulikana kwanza kwa sababu ya dawa ya usingizi. Yeye njo alimupatia Malkia Victoria klorofomu wakati wa kuzaa, mwaka 1853 na tena mwaka 1857. Angeweza kutosheka na heshima hiyo, lakini kolera ilikuwa bado inamusumbua akili.

Wakati huo, karibu waganga wote waliamini kwamba kolera inaletwa na hewa mbaya, ile harufu ya takataka na mitaro. Snow aliona mambo hayapatani. Kama ugonjwa unaingia kwa kupumua, mbona hauanzie mu mapafu? Kolera inaanzia mu tumbo: kuhara na kutapika. Basi inaingia kwa mdomo, na inatoka kwa mugonjwa mmoja kwenda kwa mwingine kupitia kinyesi kilichofika mu maji au mu chakula. Aliandika hayo mu kitabu kidogo mwaka 1849. Wengi hawakukubali.

Tarehe 31 mwezi wa 8 mwaka 1854, kolera iliwaka mu kartye ya Soho, hapo London. Mu siku kumi watu zaidi ya 500 walikufa. Snow alienda nyumba kwa nyumba, akiuliza swali moja: hapa munakunywa maji ya wapi? Karibu wote waliokufa walikuwa wanachota ku pompi moja ya barabara ya Broad Street. Maji ya ile pompi yalisifiwa na watu wengi, na kuna waliotoka mbali kuyafuata.

Walioponyoka nao walimusaidia kuelewa. Karibu na pompi kulikuwa kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70; hakuna hata mmoja aliyekufa na kolera, maana walipewa pombe ya kunywa na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Nyumba ya maskini ya jirani ilikuwa na watu 535, nayo pia ilikuwa na kisima chake. Walikufa watano tu. Kwa upande mwingine, mama mjane aliyeishi mbali, huko Hampstead, alikufa na kolera wakati mtaa wake haukuwa na ugonjwa. Alikuwa anapenda maji ya Broad Street, na kila siku alikuwa analetewa chupa moja.

Usiku wa tarehe 7 mwezi wa 9, Snow alienda mbele ya wakubwa wa kartye. Kesho yake mkono wa pompi ukatolewa, watu wasiweze tena kuchota. Snow mwenyewe alikubali kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia. Nyuma yake, mchungaji wa pale, Henry Whitehead, ambaye mwanzo hakumuamini, alifanya uchunguzi wake na kugundua chanzo. Mutoto mchanga wa nyumba ya karibu alikuwa ameharisha, na mama yake alimwaga maji ya kufulia nguo zake mu shimo la choo. Shimo lilikuwa limepasuka, na kati yake na kisima hakukufika hata metre moja.

Lakini kazi kubwa zaidi ya Snow ilikuwa juu ya maji ya robine. Upande wa kusini ya London, kompani mbili zilipitisha mabomba yao mu barabara zile zile. Nyumba moja ilipewa maji na hii, jirani yake na ile. Kompani ya Lambeth, tangu mwaka 1852, ilikuwa inavuta maji juu ya mto Thames, kabla mto haujapita mu muji. Southwark and Vauxhall ilikuwa bado inavuta ndani ya muji, pale mitaro ya vyoo ilipomwagikia. Wapangaji wengi hawakujua hata jina la kompani yao, kwa hiyo Snow alitia dawa mu maji ili kupima chumvi: ya Southwark ilikuwa nayo nyingi zaidi.

Kisha akahesabu wafu. Mu wiki saba za kwanza za kolera mwaka 1854, nyumba za Southwark zilipoteza watu 315 kwa kila nyumba 10.000. Zile za Lambeth zilipoteza 37. Hewa ilikuwa moja, barabara moja. Maji njo yalikuwa tofauti.

Mwaka 1855 alitoa kitabu kikubwa juu ya hayo yote. Alitumia zaidi ya pauni 200 za mfuko wake, na mauzo hayakurudisha kitu cha maana. Ndani yake mulikuwa mashauri kwa watu wa nyumbani: maji ya kisima au ya bomba yasiguswe na uchafu wa vyoo, na kama maji ya kuaminika hayapatikani, yachemshwe vizuri, na ikiwezekana yachujwe pia. Anayetunza mugonjwa anawe mikono mbele ya kugusa chakula.

Snow hakuoa. Alikufa tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 1858, akiwa na miaka 45. Mutaliano Filippo Pacini alikuwa ameona kijidudu cha kolera tangu mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Ni Mjerumani Robert Koch aliyefanya dunia ikubali, mu miaka ya 1883 na 1884.

Huku kwetu, Goma ililipa bei hiyo mu mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi walipokunywa maji ya ziwa Kivu bila kuyasafisha. Kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Tangu hapo kolera inarudi kila mara kandokando ya Kivu na Tanganyika.

Leo filtri za nyumbani zinauzwa sokoni. Ile ya udongo uliochomwa, ikiwa haijapasuka, ina vitundu vidogo vinavyozuia kijidudu cha kolera. Kitambaa cha kuchujia kinaondoa matope, lakini peke yake hakitoshi: maji yachemshwe au yatiwe klore kwa kipimo. Na maji yaliyochujwa yakiwekwa mu bidoni chafu, au yakichotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono michafu, yanachafuka tena. Robine ikikauka siku mbili kisha maji yakarudi, uchafu unaweza kuwa umeingia mu bomba. Siku hiyo, hata yakiwa meupe, yachemshwe kwanza.